Bia inanila mshahara: nakatwa chupa zilizovunjika na makreti yaliyopungua. Naombeni ushauri

Dereva_wa_Mbeya:
Habari za leo wakuu. Mimi ni dereva wa semi (lori la tela), mwaka wa 9 sasa barabarani. Muda wote huo nimebeba saruji na mbolea, Dar–Mbeya hadi Tunduma. Mwaka huu tajiri wangu, mwenye gari, kapata kazi ya kupeleka bia za chupa Mbeya, na kurudi Dar tunabeba matupu, yaani makreti yenye chupa tupu.

Tripu ya nne ndiyo imeniumiza. Nilipakiwa jioni, nikaambiwa palati (mbao zinazopangiwa makreti) zimeshahesabiwa, nikasaini. Nafika Mbeya, pazia la ubavuni mwa tela linafunguliwa, bia inachuruzika hadi chini. Palati 2 za nyuma zimelala na chupa zimepasuka. Wakahesabu, yakapungua makreti 11 ambayo hadi leo sijui yameendea wapi. Usiku nililala Mafinga tu, na tingo, msaidizi wangu, alikuwa macho. Kurudi na matupu, shoti (upungufu) nyingine: chupa za kampuni nyingine zimechanganywa humo.

Tajiri kakata posho yangu yote na nusu ya mshahara, na anasema deni bado. Nina watoto 3 shuleni. Mnaobeba bia na soda, mnafanyaje? Na huku kukatwa ni halali?

Mkongwe wa Makambako:
Pole sana mdogo wangu. Nimebeba bia na soda miaka 14, na shoti nimelipa sana kabla sijaelewa.

Saruji ikishakaa imekaa, uzito wake wenyewe unaishikilia. Chupa hazitulii. Ukiacha nafasi ya kiganja kati ya palati ya kwanza na ukuta wa mbele, kila unapokanyaga breki mzigo unakwenda mbele, unalegea. Halafu unakuja kupanda mlima Kitonga. Pale mzigo wote unarudi nyuma kwa pamoja, na palati za mwisho ndizo zinazobeba kishindo. Naamini zako zililala palepale. Na usilitegemee pazia, lile linazuia jua na mvua tu.

Anza kupanga kutoka ukuta wa mbele, usiache mwanya. Kila mstari wa palati uwe na mkanda wake, na chini ya mkanda weka kona ngumu usije ukakata makreti ya juu. Ukifika Chalinze simama ukaze upya, maana makreti yanashuka yakishatikiswa na mikanda inalegea bila wewe kujua. Yale matuta ya hifadhi ya Mikumi yapande polepole kama umebeba mgonjwa. Kaza tena Ruaha Mbuyuni kabla ya kuuanza mlima. Dakika 20 kila kituo, basi.

Karani wa Ghala:
Mkuu, ulisaini kabla ya kuhesabu mwenyewe?

Dereva_wa_Mbeya:
Ndiyo. Ilikuwa saa 2 usiku, foleni ndefu nyuma yangu, wananiharakisha.

Karani wa Ghala:
Basi hayo makreti 11 huenda hayakupanda garini kabisa. Nimekaa ghalani muda mrefu, nimeona palati ambayo katikati ina shimo na nje imejaa vizuri. Hesabu kwa tabaka: tabaka lina makreti mangapi, tabaka ni ngapi, kisha panda juu umulike katikati kwa tochi. Wakikukatalia, andika kwenye hati ya mzigo, juu ya sahihi yako, kwamba hukuruhusiwa kuhesabu. Ukifika unakokwenda, sili isikatwe kabla mpokeaji hajaisoma namba mbele yako.

Matupu ndiyo yanayomaliza madereva, kwa sababu wanayaona kama takataka. Kreti na chupa zake vimewekewa dhamana ya pesa na wakala, kwa hiyo chupa iliyomeguka mdomo au ya kampuni nyingine inahesabika kuwa haipo. Toa kreti mojamoja pale pale kwa wakala, kataa mbovu, ndipo usaini.

Mtetezi_Kazini:
Kuhusu makato: soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anaweza kukata kwa hasara iliyotokana na kosa lako ukiwa kazini, lakini lazima kwanza akupe maandishi yenye sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, na akupe nafasi ya kujibu. Makato yote kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Nusu mshahara haikubaliki. Muombe hesabu kwa maandishi, kwa heshima. Akigoma, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Usikae kimya.

Mkongwe wa Makambako:
Na mizani ya barabarani usiisahau. Nusu lita ya bia ni kama nusu kilo, bado chupa yenyewe. Semi ya ekseli 6 mwisho ni tani 50: mbele 8, za nyuma ya kichwa (gari linalovuta) 18, za tela 24. Jumla inaweza kuwa sawa na bado ekseli za kichwa zikazidi, kwa hiyo usawazishe mzigo palepale kiwandani.

Mama wa Uyole:
Wamesema yote ya mzigo, mimi niseme moja. Mume wangu alipinduka na lori la bia. Amebanwa mguu ndani ya kichwa cha lori, anaita, na watu wanapita pembeni yake wamebeba makreti. Aliyemtoa ni kijana mmoja tu, muuza mahindi. Mwanangu, hata deni likufuate vipi, usikimbize gari usiku ili ulipe haraka. Kreti linalipwa.

Dereva_wa_Mbeya:
Mama, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Asante sana, na mumpe pole baba.

Leo nimemwomba tajiri hesabu kwa maandishi. Hakufurahi, ila kasema ataleta Ijumaa. Kesho napakia, tochi ninayo. Mkongwe, hizo kona za mikanda napata wapi Dar?

Mkongwe wa Makambako:
Ulizia Gerezani. Ukikosa, kata vipande vya tairi la zamani, vinafaa kabisa. Ukishafika Chalinze na kukaza, tuandikie.