Naomba ushauri: gemu za zamani za kucheza peke yako, nifuate ipi?

Salaam wakuu. Mie nipo Lamu, Langoni, nina laptopu nzee ya RAM GB 4, kadi ya grafiki haina, na bando nanunua kwa kujibana, kwa hivyo gemu za kupigana na watu mtandaoni nimeachana nazo, isitoshe mama akikuita ukaitike ukirudi ushauliwa.

Sasa binamu yangu wa Malindi kaniwekea gemu ya Morrowind, ile ya 2002, na yani imeniteka. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia! Mtu anakwambia fuata mto, ukivuka daraja shika kulia, inaandikwa kwenye shajara yako basi, kama unavyomuelekeza mgeni vichochoro vya Mkomani. Kinachonikera ni kupigana tu, panga naliona kabisa limempata panya halafu gemu inasema nimekosa, kumbe ndani kwa ndani inarusha dadu kulingana na ujuzi wako na uchovu, ukitoka mbio ukapigana hapo hapo umekwisha.

Nikimaliza niende wapi? Kuna Baldur's Gate ya 1998, unaongoza kundi la hadi watu 6 na unaweza kusimamisha vita ukapanga amri zako, ila naona ina kanuni nyingi za ule mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, je asiyezijua ataelewa? Ama nishushe Daggerfall ya 1996, kampuni ya Bethesda, wale wale wa Morrowind, waliitoa bure tangu 2009? Mie napenda kuzurura na kuongea na watu kuliko vita. Waliocheza zote mbili nisaidieni jamani, bando lenyewe linaisha kesho.