Enzaimu iliyoboreshwa maabara: hataza apewe nani, na iishie wapi?

Wadau hili tulijadili maana likitajwa tu watu wanagawanyika. Wapo wanaosema ukichukua enzaimu ya bakteria ukaiboresha maabara hustahili hataza (patent, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi), eti mabadiliko ya jeni yanatokea ovyo ovyo kwahiyo umebahatisha tu. Mimi nakataa.

Angalieni kazi ya Frances Arnold, mwanasayansi wa chuo cha Caltech Marekani, ya 1993. Alikuwa na subtilisin, enzaimu ya kukata protini, kwenye maji iko vizuri ila ukiitia kwenye kemikali inaitwa DMF inalegea kabisa. Akavuruga jeni yake (maelekezo ya kuitengeneza), akaitia kwa bakteria, akawaotesha kwenye sahani zenye kaseini, ile protini ya maziwa. Bakteria mwenye enzaimu kali anazungukwa na duara angavu sababu kaseini pale imeshaliwa, basi unachukua wenye duara kubwa, unavuruga tena, unachagua tena. Raundi ya tatu ikatoa moja yenye mabadiliko 10, nguvu mara 256 ndani ya DMF. Bahati ipo kwenye kuvuruga sawa, lakini kuamua upime nini na vipi hiyo ni akili ya mtu, na Nobel ya 2018 hakupewa kwa kucheza kamari jamani.

Kinachonikera ni kampuni kupata protini chache halafu kudai zote zinazofanya kazi ileile. Kampuni ya dawa Amgen walijaribu kwa antibodi (protini za kinga) za kushusha kolesteroli, wakapambana na wenzao Sanofi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2023 majaji wote wakawagomea, maana walikuwa wameonyesha mfuatano (mpangilio wa amino asidi, vipande vinavyounda protini) wa antibodi 26 tu. (Najua antibodi zile njia ya kuzipata ni tofauti, ila dai ni lilelile.)

Piga hesabu. Subtilisin ina amino asidi 275, kubadili moja tu kuna njia 5,225, ukibadili mbili kwa pamoja zinapita milioni 13. Unamilikije kitu ambacho hata hujakiona?

Najua mtanijibu hataza ikiwa nyembamba mpinzani atabadili amino asidi moja apite pembeni. Hoja nzito hiyo. Kwangu mimi dai lifike kwa zile za jirani ambazo mwenyewe amezitengeneza akazipima, zilizobaki aache wengine watafute. Anayepinga alete hoja, na aseme mpaka yeye angeuweka wapi.