Mwenye meza anabadili kanuni za vita vya vyombo vya anga vya lego katikati ya mchezo, nimechoka!

Wakuu, nina hasira tangu Jumamosi na hazijaisha, kwa hiyo naliweka hapa kama lilivyo.

Tuna mchezo wa mezani tuliotunga wenyewe. Kila mtu anaunda chombo chake cha anga kwa lego, yaani vile vitofali vya plastiki vya kuchezea, za dukani au za mitumba, hatubagui. Tunatandika shuka jeusi, tunarusha dadu, tunapima umbali kwa futi kamba. Tuko wazazi wanne na watoto sita wa mtaa mmoja. Kanuni tulizitunga pamoja tukaziandika kwenye kaunta buku, na mwandishi alikuwa binti yangu wa miaka 11, kwa sababu ndiye mwenye mwandiko unaosomeka. Kaunta buku likabaki kwa jirani mmoja kwa kuwa meza kubwa ni yake. Hapo ndipo tulipokosea.

Kanuni ya uhai ilikuwa nyepesi: kila tofali ni uhai mmoja, ukipigwa unabandua moja. Ilitufaa, maana vyombo vyetu vyote vilikuwa vya matofali 40 au 50. Sasa bwana huyu kachukua kalamu, palipoandikwa "tofali" kafuta, kaandika "kipande". Neno moja tu. Asiyecheza ataniona nakuza mambo, basi hesabuni wenyewe. Vile vipande vyembamba vya lego, vitatu ukivipandanisha vinafikia kimo cha tofali moja. Chukua tofali la kawaida lenye vinundu 8 juu. Nafasi yake unaweza kuijaza kwa vipande vyembamba vya kinundu kimoja kimoja: 8 kila tabaka, matabaka matatu, jumla 24. Ukubwa ni uleule, lakini yeye ana uhai 24 pale ambapo mwenzake ana mmoja! Jumamosi chombo chake kilikuwa na vipande zaidi ya 300. Cha binti yangu kilikuwa na 46. Ukiviweka pamoja mezani havipishani hata kwa upana wa vidole viwili.

Na kakigundisha kwa gundi. Gundi jamani! Lego inashikana yenyewe, ndiyo maana unaweza kuibomoa na kuiunda upya kesho. Sisi utamu wote wa mchezo uko kwenye kubandua: mzinga wa kushoto ukitoka, kushoto huna silaha tena, inabidi ugeuze chombo upigane kwa upande mwingine. Injini ikitoka unapunguza mwendo. Unauona mezani ubavu wa mwenzako ukifunguka. Yeye amepigwa mara saba, anavuta kipande hakitoki, anasema "hakijabanduka, kwa hiyo hakijaharibika." Watu wazima tumekaa tunamwangalia.

Kuna na pua. Mbele ya chombo chake kaunganisha mkonga mwembamba wa vinundu 30. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8, kwa hiyo mkonga huo una sentimita 24. Mwendo anaupima kuanzia mkiani, risasi anaipima kuanzia ncha ya pua. Masafa ya mzinga kwetu ni sentimita 40. Huyu anakufikia ukiwa mbali kwa 64, wewe ukitaka kumjibu anakwambia bado hujafika, maana anakutaka upime hadi mwilini mwake, pua haihesabiki. Pua inahesabika akipiga, akipigwa haihesabiki!

Lililonivunja kabisa ni la dadu. Tunarusha mbili, jumla ikiwa 8 kwenda juu umepiga. Zamu ya nne binti yangu alianza kumpata, mara mbili mfululizo. Huyu bwana akafungua kaunta buku, akaonesha mstari wa kalamu nyekundu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona: chombo chenye vipande chini ya 100 kinapiga kwa 9 kwenda juu. Dadu mbili zinaweza kuangukia kwa namna 36. Zinazotoa 8 au zaidi ni 15. Zinazotoa 9 au zaidi ni 10. Theluthi ya mapigo ya mtoto imefutwa hapohapo, katikati ya vita, na aliyeifuta ndiye anayepigwa.

Nikamwambia, jirani, hii siyo haki. Akanijibu, "Baba fulani, ni mchezo wa watoto, usipaniki." Kama ni wa watoto, mbona unawaibia watoto? Binti alikuwa wiki tatu anaunda kile chombo, kila akitoka shule na kumaliza kazi zake. Njiani tunarudi akaniuliza, "Baba, kwa hiyo mwenye vipande vingi ndiye anashinda?" Sikuwa na la kumjibu.

Ninachotaka mimi ni hiki. Uhai usihesabiwe tena kwa vipande wala matofali. Kila chombo kiwe na sehemu sita zinazoonekana, yaani injini mbili, mizinga miwili, ngao na chumba cha rubani, ujenge kwa vipande 30 au 3,000 shauri yako. Ukipigwa unaitoa sehemu nzima. Umbali wote, wa mwendo na wa risasi, upimwe kutoka kinundu kimoja chekundu kilichowekwa katikati ya chombo, basi hata ukiwa na pua ya mita haikusaidii. Chombo chenye gundi kisipande mezani. Na kanuni ikibadilishwa, ibadilishwe kabla ya mchezo kuanza, wote tumekubali, watoto wakiwemo.

Waliowahi kutunga michezo ya namna hii naomba mnisaidie hapa: sehemu sita zinatosha, au vita vitaisha haraka mno kwa vyombo vinne mezani? Nataka kujaribu sebuleni kwangu, meza yangu ni ndogo lakini sakafu ipo.

Jumamosi hii hatuendi kwake. Na kaunta buku nalifuata leo jioni, kurasa 14 za mwanzo ni mwandiko wa mwanangu.