Gitaa la stili la Sho-Bud la 1978, shingo mbili, kwa dola 2,200: nichukue au nisubiri mpya?

Kinanda_Dallas
Habari zenu wakuu. Nipo Dallas mwaka wa sita sasa, napiga kinanda kanisani. Tangu utotoni nina ugonjwa wa ile sauti inayolia kwa nyuma kwenye nyimbo za kantri, zile mzee wangu alizokuwa anazifungulia redio Jumapili. Nimekuja kujua ukubwani kuwa ni gitaa la stili: linalazwa kama meza, mkono wa kushoto unatelezesha chuma, miguu inakanyaga pedali na magoti yanasukuma leva.

Kuna mzee wa Kimarekani tunasali naye, mgongo umemgomea, anauza Sho-Bud yake. Shingo mbili, nyuzi kumi kumi, pedali nane. Anataka 2,200. Anasema aliichukua 1980 kwa 1,500, "na haijawahi kushuka bei." Upande wa pili kuna fundi anayeunda mpya, shingo moja, 4,300, na foleni ya miezi minane.

Ipi itanitunzia hela siku nikikwama? Naogopa yasinikute ya gari, ukitoka nalo yadi tu limeshashuka. Mama watoto ameshauliza mara mbili. Nawasilisha.

Mtu wa Nashville
Mkuu, mzee wako hasemi uongo, ila hesabu yake imesahau mfumuko wa bei. Dola 1,500 za mwaka 1980 ni kama 5,700 kwa dola za 2024. Akiuza 2,200, kwenye karatasi amepanda, mfukoni ameshuka zaidi ya nusu. Ameipiga miaka arobaini na ushee lakini, kwa hiyo usimwonee huruma sana.

Mpya inakuumiza mara moja, mwanzoni. Mimi nilinunua mpya, mwaka uliofuata nikahitaji hela, nikaacha 1,100 mezani. Aliyeinunua kwangu kaipiga miaka saba kisha kaiuza kwa kiasi kilekile alichonipa. Ya mtumba ikishafika chini inakaa hapohapo miaka na miaka. Wewe ingia pale ilipokwisha kuanguka.

chuma_na_pamba
Hata 2,200 kwa shingo mbili ni bei ya kumpendeza muuzaji. Zamani shingo mbili ndiyo ilikuwa heshima: moja inatuniwa E9 kwa kantri, nyingine C6 kwa swing na jazi. Siku hizi wanaoanza wengi wanataka E9 peke yake, na hakuna anayetaka kupandisha mzigo ule ngazini. Halafu wazee waliozinunua miaka ya 70 wanastaafu kwa mkupuo. Sokoni zimejaa, wa kuzibeba hakuna. Ndiyo maana shingo moja nzuri ya mtumba inaweza kufika bei ya shingo mbili au hata kuipita.

Msichanganye na stili za zamani za kampuni ya Emmons, zile za mfumo wa push-pull, hasa za miaka ya 60. Hizo zina watu wake, bei inapanda kwelikweli. Ila kuziweka sawa ni kazi ya fundi anayezijua, si ya kujifunzia.

Bi Spana
Ngojeni kwanza, mnajadili bei na hakuna aliyeuliza ya huko chini ikoje.

Mdogo wangu, nenda na tochi. Igeuze miguu juu uangalie fito na vishikio vyake. Sho-Bud za mwishoni mwa miaka ya 70 baadhi ya spea zake ni za madini laini ya kumimina, zinapasuka. Kampuni ilifunga miaka ya 80, kwa hiyo spea unatafuta kwa mafundi wachache wanaochonga, na wanajua huna pa kwenda.

Kisha isimamishe, uitune kwa mashine. Kanyaga pedali ya kwanza, uzi wa tano utoke B uende C#, achia. Unarudi palepale au unabaki juu kidogo? Rudia mara kumi. Sukuma kila leva na goti. Ikikataa kurudi, huenda ni uchafu na mafuta yaliyogandamana tu, lakini hiyo ni siku nzima ya kazi, na hela yake unaitoa kwenye 2,200. Mimi niliuziwa moja "safi kabisa" na jamaa mmoja, leva mbili zilikuwa zimefungwa kwa waya. Waya wa hanga!

Msela wa Garland
Waya wa hanga 😂😂 Dada, hiyo nayo unaihesabu kama leva au kama nguo?

Mtu wa Nashville
Bi Spana kamaliza. Niongeze moja tu: usiangalie bei za kwenye matangazo. Kuna stili zimekaa mwaka mzima na 3,500 yake pale pale. Tafuta bei ambazo zimeuzwa kweli.

kwaya_bass
Kama ni kujifunza tu, mbona usitafute Carter Starter, ile stili ya wanaoanza? Zilitengenezwa hapo hapo Mesquite, mpya zilikuwa chini ya 1,000. Kampuni haipo tena, lakini wanafunzi hawaishi, kwa hiyo unauza karibu na ulivyonunua. Mlio wake si wa kumtisha mtu, nakiri.

Kinanda_Dallas
Mrejesho wakuu. Jumamosi nilienda na tochi, mzee akabaki kucheka. Kishikio kimoja kina ufa, na uzi wa tatu ulikatika nikiwa natuna, ukanigusa kidole. Pedali zote zinarudi isipokuwa ya sita. Nikamwonyesha ufa, akavaa miwani, akakaa kimya kitambo, akasema hakuwahi kuuona. Tumekubaliana 1,750, na kanipa na stuli yake ya kukalia ambayo ndani ina nyuzi za akiba na chuma cha kuteleza.

Kilo sijapima. Nimepanda nayo ghorofa ya tatu kwa mapumziko manne, na mama watoto alikuwa amesimama mlangoni.

Bi Spana, hicho kishikio nakitafutia wapi?