Goti limenistaafisha, nianzie wapi ukocha hapa Tanga?

Namba Tatu
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 31, nimecheza beki wa kushoto Ligi Kuu misimu minne, goti la kulia limekataa. Nimerudi nyumbani Makorora na kila jioni nasimama pembeni ya kiwanja kuangalia watoto. Juzi wazazi wawili wameniomba niwafundishe. Nataka kwa moyo wote. Ila kuna haja ya kwenda kusomea wakati mpira nimeucheza? Halafu timu yangu ya mwisho inanidai, yaani naidai mishahara ya miezi mitatu, mpaka leo kimya.

Mzee wa Chumbageni
Marahaba mwanangu, pole na goti. Kasomee.

Mimi nilikuwa kiungo mkabaji miaka kumi na mbili. Siku yangu ya kwanza na watoto nilipiga kelele saa nzima: "Kaba! Kaba!" Mtoto mmoja, jezi imemfika magotini, akasimama katikati ya mchezo akaniuliza, "Kocha, nikabe nani?" Nilikosa jibu. Kukaba nilikujua kwa miguu, sikuwahi kukusema kwa mdomo. Usiku ule nikapanga vizibo vya soda mezani, nikawa navisogeza kimoja kimoja mpaka nikayaona yale niliyokuwa nayafanya bila kufikiri. Kesho yake nikamwambia: mpira ukiwa winga ya pili, ingia ndani hatua tano, simama ubavu, mpira uuone na mtu wako umwone. Akaenda akafanya. Mpaka leo nakumbuka alivyogeuka kuniangalia.

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanzia D, kisha C, B, A. Kozi huendeshwa na TFF, shirikisho la soka la nchi, kwa hiyo nenda chama cha soka cha mkoa uandikishe jina. Usizidharau hizo karatasi. Juma Mgunda alitoka hapa hapa Coastal Union, akacheza, akafundisha, na Septemba 2022 Simba walipomwita ghafla akaenda moja kwa moja kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Akawatoa Nyasa Big Bullets, akashinda 3-1 Luanda mbele ya Primeiro de Agosto, timu ikaingia makundi. Januari 2023 akaja Robertinho kuwa kocha mkuu, Mgunda akawa msaidizi, baadaye akafundisha Simba Queens, timu ya wanawake. Hilo la kutoka ukuu ukakaa pembeni na bado ukafanya kazi, mwanangu, mimi naliheshimu kuliko yale mabao ya Luanda.

Mishahara yako: kama mkataba unao, andika malalamiko TFF, kuna Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji. Usiache.

Mama Koni
Kaka, naongezea moja. Usiwakimbize watoto mizunguko ishirini kama tulivyokimbizwa sisi. Wape mpira, kila mmoja auguse mara nyingi. Na mabinti wakija, wapokee. Mimi nilianza na watatu, wakiwa wamevaa kandambili, sasa ninao kumi na tisa.

Namba Tatu
Ahsanteni sana. Mkataba ninao, kesho naanza kuandika. Jumamosi saa kumi nakutana na watoto, mipira ipo minne na koni nitakata madumu. Mzee, nikuombe jambo: naweza kuja Ijumaa baada ya Alasiri unipangie hivyo vizibo? Beki wa kushoto namjua. Hao wengine kumi ndio sijui niwaambie nini.

Mzee wa Chumbageni
Njoo. Vizibo bado ninavyo.