PGC za kuku wa kienyeji zinanifia kwa kisahani, nisaidieni

Nakato_maabara (Wakiso):
Habari wadau, naombeni msaada kwa anaejua hizi seli shina za uzazi za ndege, zile PGC, zilizomo kwa kijusi na baadae ndo zinakuwa mayai au mbegu. Mayai nanunua kwa akina mama wa kienyeji huku kwetu, naweka kwa inkubeta mpaka masaa kama 55 hivi, moyo unapiga na mishipa inaonekana vizuri juu ya kiini, hapo nafyonza damu na pipeti ya glasi chini ya hadubini, tone dogo sana. Siku za kwanza naziona kabisa, kubwa za mviringo zimejaa chembechembe katikati ya seli nyekundu. Alafu baadae zinaanza kushikana mafungu mafungu, zingine zinanata chini, mwisho zinaisha. Natumia DMEM ya kawaida (midia, yaani maji ya kulishia seli) na seramu ya ng'ombe na FGF2, protini ya kuzikuza. Nini nakosa?

Vet_Mbale:
Pole na kazi dada. Mimi naanza na kalsiamu. DMEM ya kawaida ina 1.8 mM na kwa seli hizi hiyo ni nyingi mno, ndio inazishikanisha. Watu wa taasisi ya utafiti ya Roslin kule Scotland 2015 walishusha mpaka 0.15 mM, wakapunguza na ukali wa chumvi kwa kuongeza maji safi, seramu wakaipunguza sanaaa, alafu wakaweka FGF2 4 ng/ml, Activin A (protini nyingine ya ishara) 25 ng/ml na insulini. FGF2 peke yake haitoshi nnyabo, seli inataka ishara zote tatu ndo ijigawe bila kusahau kazi yake. Tena PGC nzuri inaelea, haishiki chini, hizo unazoona zimenata pengine sio zenyewe. Seli nyekundu zisikusumbue, zinakufa zenyewe taratibu, usibadilishe midia yote mara moja, toa nusu weka nusu.

Mfugaji_Arua:
Samahani mimi sio mtu wa maabara, nafuga tu. Kwanini msigandishe yai lenyewe au mbegu za jogoo kama wanavyofanya ng'ombe?

Nakato_maabara:
Swali zuri mzee wangu. Yai la kuku kiini chake ni kikubwa na kina mafuta mengi, ukiligandisha limekufa. Mbegu za jogoo zinagandishika ila zikiyeyushwa nguvu inashuka, na shida kubwa ni kwamba kwa kromosomu za jinsia jogoo ana ZZ, tetea ana ZW, kwahiyo ile W haimo kabisa kwenye mbegu, ukoo wa tetea unapotea. PGC unatoa kwa jike na dume, unagandisha kwa naitrojeni, na hata baada ya miaka unaidunga kwa damu ya kijusi kingine cha siku mbili na nusu. Inatembea na damu yenyewe mpaka ifike kwa korodani au ovari, hakuna wa kuionyesha njia. Kwa mamalia haiendi na damu hivo, hii ni ya ndege. Kuku huyo akikua anapata vifaranga vya ukoo ule mwingine. Na sisi Kuroiler, wale kuku chotara wa kutoka India, wanazidi kuchanganyika na kuku wetu kila mwaka, mimi hii inaniuma kwakweli.

Mfugaji_Arua:
Banange! Sasa na yule korongo wetu wa kwenye bendera ya Uganda je? Huku mabwawa yanalimwa mpunga anakwisha.

Vet_Mbale:
Mzee, natamani sana. Ila midia ya kuku haifanyi kazi tu kwa kila ndege, hata bata na kware zinasumbua, na korongo anaatamia karibu mwezi wakati kuku ni siku 21, kwahiyo hata saa ya kutoa damu itabidi itafutwe upya. Haimaanishi haiwezekani, 2012 kule Dubai walipata vifaranga vya kuku kutoka kwa bata dume aliyedungwa PGC za kuku. Lakini korongo wa leo anaokolewa na bwawa lisilolimwa.

Nakato_maabara:
Asante sana daktari, naagiza DMEM isiyo na kalsiamu wiki hii. Mzee wa Arua, naomba mayai ya kuku wa kwenu, na tafadhali yatoke kwa boma tofauti tofauti, ya boma moja yatakuwa ya ndugu watupu.

Mfugaji_Arua:
Nitakusanya mwanangu. Unataka hata ya wale wa shingo uchi?

Nakato_maabara:
Hao ndo nawataka zaidi. Yasipite siku tano tangu kutagwa, na msiyaoshe.