Amerudi shuleni baada ya matibabu ya saratani ya damu, lakini masomo hayashiki. Tumsaidieje?

Mwalimu_Malindi

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nauliza kwa niaba ya walimu wa shule moja ya kutwa hapa Malindi. Tuna kijana wa Kidato cha Tatu, umri miaka 17, anayetibiwa saratani ya damu aina ya ALL, ile inayoanzia kwenye chembe nyeupe changa za damu. Awamu kali zimekwisha. Sasa yumo kwenye awamu ya kudumisha: vidonge vya kila siku, vingine vya mara moja kwa wiki, sindano ya mshipa na dawa za steroidi kila mwezi, na kila baada ya miezi mitatu hivi anadungwa dawa kwenye uti wa mgongo. Kichwani hakupigwa mionzi.

Somo likielezwa polepole analielewa vizuri. Shida ni kunakili ubaoni: wenzake wakimaliza, yeye yuko nusu. Akipewa maagizo matatu kwa mpigo hutekeleza la kwanza, mengine yanapotea. Kwenye hesabu anaijua kanuni lakini hatua za katikati zinamponyoka. Ikifika saa nane mchana amechoka kabisa. Baadhi ya walimu wanasema ni uvivu, na wazazi wanafikiria arudie darasa. Naomba wenye ujuzi watueleze ni kitu gani hiki, darasani tubadilishe nini, na KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, tuiombee utaratibu gani.

Muuguzi_Saratani

Waaleikum salaam Mwalimu. Neno uvivu liondoeni kwanza, kwa sababu mnayoyaona yanajulikana vyema kwa vijana wa ALL.

Chembe za saratani hii hujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipani haifiki vya kutosha. Ndiyo maana dawa ya methotreksati hudungwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Inaokoa maisha, lakini inaweza kuumiza nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Zikiumia, kinachopungua zaidi ni kasi ya kufikiri, umakini, uwezo wa kushika mambo mawili matatu akilini kwa wakati mmoja, na kupanga kazi. Aliyoyajifunza zamani kwa kawaida hubaki. Kwa hiyo kijana anayeelewa akielezwa polepole na kukwama akiharakishwa si fumbo.

Hata hivyo msiutupie ubongo kila kitu. Kuna yanayotibika, na hayo yaangaliwe kwanza. Damu ikipungua, umakini nao unakwenda. Steroidi kama deksamethasoni huvuruga usingizi na hisia. Siku zake mara nyingi ni tano mfululizo, na kijana huweza kuwa mkali, mwenye njaa na asiyelala. Mwombeni mzazi tarehe hizo, mziandike kwenye kalenda ya darasa, na msipange jaribio wiki hiyo wala siku mbili tatu baada ya sindano ya uti wa mgongo. Kama anapewa dozi mbili za steroidi kwa siku, mzazi amuulize daktari kama ya pili inaweza kusogezwa isiwe usiku.

Vinkristini, ile sindano ya mwezi, huumiza neva za mikono na miguu. Mwambieni afunge vifungo vya shati, kisha atembee kwa visigino. Akishindwa, basi sehemu ya ule uchelewaji wa kunakili ni vidole, wala si akili, na mtaalamu wa tiba ya viungo anahitajika. Masikio pia yapimwe ikiwa aliwahi kupewa jentamisini au amikasini alipopata maambukizi. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kwa hiyo husikia kwamba mwalimu anaongea lakini herufi kama s, f na t zinampita.

Sasa jambo ambalo watu hulisahau. Kijana anayesahau ndiye huyo huyo anayejipa dawa. Vidonge vya methotreksati ni vya mara moja kwa wiki. Akivimeza kila siku kwa kuchanganyikiwa vinaweza kumuua. Kuwe na kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba, mtu mzima akijaze, na siku ya methotreksati iwe moja isiyobadilika. Vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki visinunuliwe dukani bila daktari kujua, maana vinaweza kupingana na dawa hiyo. Na zile "dawa za kumbukumbu" zinazouzwa mitaani, msimpe.

Haya ni ya hospitali siku hiyo hiyo: kuchanganyikiwa ghafla, upande mmoja wa mwili kulegea, kushindwa kuongea, degedege, hasa ndani ya wiki mbili tatu baada ya kudungwa uti wa mgongo. Mkifika taja tarehe ya sindano na jina la dawa. Homa ya digrii 38 ni dharura vilevile. Hapa kwetu Pwani mtu huwaza malaria na kumeza vidonge akingoja kesho. Kwa huyu hakuna kungoja: apimwe malaria na damu yake iangaliwe kwa pamoja.

TibaKazi_Kilifi

Naongezea ya darasani. Mwalimu, anza kwa kupima. Mpe aya ya mistari kumi ainakili kutoka ubaoni, halafu siku nyingine aya kama hiyo kutoka karatasi iliyo mezani, uandike dakika. Karatasi ikimpa nafuu kubwa, ubao ndio unaomchosha: kila anapoinua macho inabidi ashike maneno akilini mpaka afike daftarini, na yanadondoka njiani. Mpe muhtasari uliochapwa, au apige picha ubao kwa simu ya mwalimu. Hilo peke yake humrudishia nusu ya kipindi aisikilize hoja yenyewe.

Agizo moja, alitekeleze, ndipo la pili. Likiwa refu liandikwe. Asirudie kwa kusema "nimeelewa", arudie kwa kueleza atakachofanya.

Kwenye hesabu, kila hatua iandikwe mstari wake, hata ile ambayo wenzake wanaifanya kichwani. Kanuni ziwe kwenye kadi pembeni mwa daftari. Mpunguzie idadi ya maswali, usimpunguzie ugumu: maswali 6 badala ya 15, yakiwemo magumu. Hapa ndipo shule nyingi zinapokosea. Humpa kazi rahisi za watoto, naye anajiona mjinga wakati akili anayo.

Aketi mbele, mbali na dirisha na mlango. Masomo mazito yawe kabla ya saa tano asubuhi kadiri ratiba inavyoruhusu. Joto la mchana wa Malindi linamlemea hata mzima, kwa hiyo saa nane apumzike dakika 20 mahali penye kivuli, anywe maji, kisha aendelee. Kusoma nyumbani kuwe dakika 25, mapumziko 5, basi. Akikesha leo, kesho hapati kitu. Na kama kuna rafiki anayemshauri atafune muguka ili akeshe kwenye vitabu, mzazi azungumze naye mapema. Usingizi ndio unaomsaidia ubongo huo kushika alichosoma.

Kutembea kwa kasi nusu saa jioni, siku nyingi za wiki, nako kunasaidia uchovu, mradi timu yake ya matibabu imeruhusu.

Bint_Lamu

Shukran kwa maelezo. Mimi niko Lamu na nina swali la pembeni: je, aliyepigwa mionzi ya kichwa kwa sababu ya uvimbe kwenye ubongo, mambo ni hayo hayo? Na chuoni, kuhifadhi Qur'ani kunakuwaje?

Muuguzi_Saratani

Bi, mionzi ina tabia nyingine. Athari zake hukawia. Mwaka wa kwanza mtoto anaweza kuonekana sawa, kisha pengo kati yake na wenzake likaongezeka mwaka hadi mwaka, si kwa sababu anasahau ya zamani bali anajifunza mapya polepole kuliko wao. Dozi ikiwa kubwa na umri ukiwa mdogo, hali huwa nzito zaidi. Kwa hiyo asipimwe mara moja tu na kuachwa. Homoni za tezi ya shingo (thairoidi) na za ukuaji zifuatiliwe kwenye kliniki, kwani mionzi huweza kuzishusha miaka baadaye, na ya tezi hiyo ikishuka mtu anakuwa mzito wa akili na mwili. Hilo lina kidonge. Na kama alipata dawa ya saratani iitwayo sisplatini, usikivu wake upimwe bila kukosa.

Maalim_wa_Chuo

La chuoni nijibu mimi. Kijana huyu hifdhi haijamfungia mlango, ila kipimo kibadilike. Aliyekuwa akibeba nusu ukurasa kwa siku apewe mistari mitatu. Asiongezwe mpaka ya jana iwe imekaa. Muda mwingi uwe wa kudurusu ya nyuma. Mapya yachukue robo tu.

Atumie msahafu mmoja siku zote, ule wa mistari 15 kwa ukurasa. Jicho hukumbuka aya ilikuwa juu au chini, kulia au kushoto, na hilo humshika mkono pale ulimi unapokwama. Asikilize msomaji mmoja, asibadilishe. Wakati mzuri ni baada ya Alfajiri. Baada ya Magharibi, baada ya shule ya siku nzima, mnamtesa bure. Na kiboko kwa aliyesahau kwa sababu ya ugonjwa hakina nafasi.

Elimu_Maalumu

Kuhusu KCSE, Mwalimu. Nendeni kwenye EARC, kituo cha kutathmini wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mchukue barua ya daktari inayotaja ugonjwa, dawa na athari zake, zile dakika za kunakili mlizopima, na karatasi za majaribio alizofanya kwa muda wa kawaida na kwa muda ulioongezwa. Hizo za mwisho ndizo zenye nguvu. Ripoti ya tathmini huambatanishwa na ombi la shule kwa KNEC, baraza la mitihani la taifa, wakati wa kusajili watahiniwa. Anzeni sasa akiwa Kidato cha Tatu, maana ombi likichelewa usajili ukafungwa, mtapata tabu sana. Na apewe muda huo huo wa ziada kwenye mitihani ya shule, ajifunze kuutumia.

Kurudia darasa sikushauri. Kurudia humpa mtaala ule ule kwa kasi ile ile, tena bila marafiki zake. Kama amekosa mada alipokuwa hospitali, zitajeni kwa majina, afundishwe hizo tu.

Mwalimu_Malindi

Mungu awalipe. Tumepanga kupima kunakili Jumatatu, na mzazi analeta tarehe za dawa. Swali moja limebaki: wanafunzi wenzake tuwaambie?

TibaKazi_Kilifi

Muulizeni yeye mwenyewe, faraghani, mzazi akiwepo. Ana miaka 17, ni siri yake. Wengine hutaka mwalimu aseme, wengine hutaka waseme wenyewe kwa rafiki mmoja tu. Akikataa, wanafunzi waambiwe kwamba ana ruhusa ya shule ya kupewa karatasi na muda, na maswali yaishie hapo. Walimu wote wanaomfundisha ndio lazima wajue, pamoja na wa zamu, kabla hajaadhibiwa kwa kuchelewa kumaliza kazi.